Simu imechomekwa, kompyuta imekaa kimya

Steshenari yetu iko Kirumba, Mwanza, karibu na barabara inayoteremka Mwaloni, kwenye soko la samaki. Asubuhi wanakuja wanafunzi kuprinti ripoti za fildi. Mchana wanakuja akina mama wa dagaa na risiti walizozipiga picha. Jioni, hasa Jumamosi, ni zamu ya watu wa harusi, wenye video ndefu kuliko sherehe yenyewe. Wote wana sentensi moja: "Kaka, simu yangu haisomi kwenye kompyuta."

Hiyo ni sawa na kumwambia daktari "naumwa". Kabla sijagusa chochote nauliza mawili: simu inaonyesha kuchaji? Na kompyuta ilitoa mlio ulipochomeka? Majibu ya maswali hayo hugawa matatizo karibu yote, na ndiyo njia ninayoifuata hapa. Anayeanza kwa kufuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa, au kupiga Windows upya kabla hajabadili waya anajichosha bure.

Lakini kuna jambo la kuelewa kwanza. Simu za Android za mwanzoni zilikuwa kama flashi: ukichomeka, memori kadi inahamia kwenye kompyuta nzima nzima, inapewa herufi yake kama E au F, na wakati huo simu yenyewe haiwezi kuigusa. Kuanzia Android 3, mwaka 2011, mambo yakabadilika. Mtindo uliokuja unaitwa MTP, na asili yake ni Microsoft, walioubuni kwa ajili ya vile vicheza muziki vya mfukoni. Kwa mtindo huu kompyuta haiingii ndani ya simu. Inasimama mlangoni, inabisha hodi, inaomba orodha, inaomba picha hii na ile, na simu ndiyo inayotoa. Kisha Android 6, mwaka 2015, ikaongeza ukali: simu ikichomekwa inachaji tu, mpaka mwenyewe uiambie vinginevyo. Simu siyo flashi tena. Ni nyumba yenye mwenyewe.

Haichaji, wala hakuna mlio

Hapa tatizo ni la kushikika kwa mkono: waya, tundu la kompyuta, au tundu la simu, lile ambalo mafundi huliita sistimu chaji. Jaribu waya mwingine. Jaribu tundu jingine la kompyuta, na kama ni deskitopu chomeka nyuma, maana matundu ya nyuma yameungwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ilhali ya mbele yanapitia waya wa ndani ambao mara nyingi umelegea au haukuunganishwa kabisa na aliyeifungua mara ya mwisho.

Kama vyote viwili vimegoma, mulika tochi ndani ya tundu la simu. Kwa wateja wetu wa Mwaloni nimeshatoa humo vumbi, nyuzi za mfuko wa suruali, na mara moja gamba la samaki lililokauka likawa gumu kama plastiki. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu kutoka pembeni. Usitumie pini wala sindano, maana ndani kuna vijichuma vidogo ambavyo vikipinda au vikigusana una kazi ya fundi.

Simu iliyoanguka ziwani usiichomeke kabisa. Ni kweli maji ya Victoria hayana chumvi, lakini maji na umeme vikikutana ndani ya simu, kutu inaanza papo hapo. Mchele nao hausaidii. Apple wenyewe waliwaonya watu wao mwaka 2024 waachane nao, kwa kuwa punje na vumbi lake vinaweza kuiharibu simu. Zima simu, toa memori kadi kama ipo, ikaushe uisome peke yake kwenye kompyuta. Kuna watu tumewaokolea picha zote kwa njia hiyo wakati simu yenyewe ilishakata roho.

Inachaji, lakini kompyuta haina habari

Hili ndilo tatizo la kila siku, na mara nyingi mkosaji ni waya. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme, mbili za kupitisha data. Nyaya za bei ya chini zinazouzwa na wamachinga, nyingi zina zile mbili za umeme tu. Zinachaji vizuri kabisa, ndiyo maana mteja anabisha: "Mbona waya ni mzima?" Mzima kwa chaji. Kwa data ni kamba.

Kuna njia ya kujua bila kubahatisha. Chomeka, kisha shusha pazia la arifa juu ya skrini ya simu. Ukiona ujumbe unaotaja USB, kwamba simu inachajiwa kupitia USB, basi simu na kompyuta zimesalimiana na waya ni mzima. Ukiona alama ya betri tu na hakuna neno lolote la USB, badili waya. Usiendelee na hatua nyingine yoyote.

Ujumbe wa USB ukiwepo, uguse. Itafunguka orodha fupi: kuchaji, kuhamisha faili, kuhamisha picha, na mengine kulingana na simu. Chagua kuhamisha faili. Simu nyingine huandika MTP tu. Hapo kompyuta italia, na jina la simu litatokea kando ya diski zako. Kwenye baadhi ya Tecno na Infinix swali hili linaruka lenyewe usoni mara tu unapochomeka, na watu kwa haraka wanagusa kuchaji au wanalifunga. Basi, chomoa uchomeke tena.

Ile njia ya kuhamisha picha inaitwa PTP, na ni ya kamera. Inaonyesha picha na video, mengine hayaonekani sana. Mimi huwashauri wateja wanaotaka picha moja tu ya pasipoti waitumie hiyo, kwenye kompyuta yoyote isiyo yao. Ukichagua kuhamisha faili umefungua vyumba vyote, na aliyekaa mbele ya kibodi anaona kila kitu, hata kile ulichokisahau. Nayasema haya nikiwa mimi ndiye niliyekaa mbele ya kibodi.

Mlio upo, jina la simu linaonekana, ndani patupu

Fungua simu yako. Namaanisha weka patani au pasiwedi, uiache ikiwa imewaka. Simu iliyofungwa inaonyesha jina lake kwa kompyuta lakini haitoi faili hata moja. Dada mmoja alikaa nusu saa akiifungua na kuifunga folda, simu imelala kifudifudi pembeni yake, imefungwa.

Kwa iPhone, fungua simu kisha utaulizwa kama unaiamini kompyuta hii. Kubali, weka nywila. Ukikataa kwa bahati mbaya, chomoa uchomeke tena. Kisha usitegemee makubwa: kwenye Windows iPhone inatoa picha na video zake tu. Nyaraka za PDF hazimo humo, hata uchimbe vipi. Na kama picha zinaonekana chache kuliko ulizonazo, huenda simu imewekwa iokoe nafasi, picha kamili zikahamia iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni, na zilizobaki ni vivuli. Hizo zinatolewa kwa intaneti, siyo kwa waya.

Kama simu imefunguliwa na bado ni patupu, izime na kuiwasha. Inachekesha, lakini ina sababu yake, nitaieleza mbele kidogo.

Kioo kimekufa, na vitu vyako vimo ndani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa pesa na matumaini.

Mwalimu mmoja wa Ukerewe alishuka meli ya Nansio na simu iliyokanyagwa. Kioo kilikuwa kinaonyesha, ila mguso umekufa. Ndani kulikuwa na alama za wanafunzi za muhula mzima. Alishaambiwa mahali kwamba waya tu unatosha, wakachomeka, wakaona patupu, wakamtoza. Sasa wewe umeshajua kwa nini: simu ilikuwa imefungwa, na hakuna kidole cha kuifungua.

Dawa ilikuwa mausi. Ile mausi ya kawaida ya deskitopu, pamoja na kile kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, kinachoingia kwenye tundu la chaji na kupokea USB ya kawaida upande wa pili. Simu nyingi za Android za miaka hii zinaikubali: mshale unatokea kwenye skrini, unachora patani kwa kuburuta kama kidole. Mwalimu alipouona ule mshale alicheka kwa sauti.

Lakini kuna mtego. Tundu ni moja. Ukichomoa mausi ili uchomeke waya wa kompyuta, huna tena cha kuchagulia kuhamisha faili. Kwa hiyo fanya kazi yote mausi ikiwa ndani. Kwanza ondoa kabisa ufunguo wa skrini kwenye mipangilio. Kisha nenda sehemu ya maelezo ya simu, bofya namba ya toleo la programu mara saba mpaka ikwambie umekuwa msanidi. Ndani ya chaguo za wasanidi zilizofunguka, tafuta mpangilio wa msingi wa USB, uweke kuhamisha faili. Sasa chomoa mausi, chomeka kompyuta. Simu inafungua mlango yenyewe. Alama za mwalimu zilitoka zote, na meli ya kurudi hakuikosa.

Kazi ikiisha, rudisha mpangilio huo kwenye kuchaji na uweke ufunguo wa skrini tena. Vinginevyo kila kompyuta utakayochomeka ili kuchaji tu itakaribishwa sebuleni.

Kama kioo ni cheusi kabisa, mausi haisaidii, kwani huoni mshale unaenda wapi. Zipo simu za bei kubwa zinazoweza kutoa picha kwenye televisheni kwa waya wa USB-C. Nyingi za bei ya kati haziwezi. Hapo usipoteze muda, nenda kwa fundi akabadilishe kioo. Na mtu akikwambia atatoa vitu kwenye simu iliyofungwa kwa programu aliyonayo kwenye flashi, muage vizuri.

Kompyuta inalia lakini haionyeshi kitu popote

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, fungua Device Manager, utafute penye alama ya njano ya mshangao. Bofya kulia, ondoa kifaa hicho, chomoa simu, washa kompyuta upya, chomeka. Kwa kawaida Windows hujiwekea draiva yenyewe. Isipofanya hivyo, chagua kusasisha draiva, chagua mwenyewe kutoka kwenye orodha, uchukue ile ya MTP.

Kuna Windows zenye herufi N mwishoni mwa jina. Hizo zinatolewa bila vifaa vya muziki na video, na MTP imekwenda nazo. Utahangaika siku nzima usipojua hilo. Zinahitaji kuongezewa kifurushi cha Microsoft cha vyombo vya habari, kinapatikana bure.

Mac, kompyuta za Apple, haisomi Android kwa MTP yenyewe, inahitaji programu ya pembeni. Ile ya Google waliiondoa mwaka 2024. Siku hizi wengi wanatumia OpenMTP, nayo ni ya bure. Kompyuta yenye Ubuntu badala ya Windows haina maneno, inasoma tu.

Mengine yapo, ninalolitaka halipo

Sababu ya kwanza ni WhatsApp. Zamani folda yake ilikuwa juu kabisa, ukifungua tu unaiona. Tangu Android 11, mwaka 2020, programu zililazimishwa kuweka vitu vyao ndani ya maeneo yao, kwa hiyo sasa njia ni hii: Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, kisha Media. Ndani yake nyaraka ziko WhatsApp Documents na picha ziko WhatsApp Images. Wanafunzi wengi hufungua folda ya zamani, wanakuta picha za miaka ile na kudhani ripoti imefutika.

Sababu ya pili ni ile niliyoahidi kuieleza. Kompyuta inapoomba orodha, simu haipekui kabati upya. Inasoma daftari lake, orodha iliyokwisha kuandikwa ya vilivyomo. Faili likiingia bila kuandikwa kwenye daftari, simu yenyewe inaweza kulifungua lakini kompyuta haitaliona. Kinyume chake pia hutokea: faili limefutwa, jina bado lipo, ukilinakili linagoma. Kuzima na kuwasha simu huifanya ihesabu upya. Ikishawaka, ipe dakika mbili tatu kabla ya kuchomeka, hasa kama ina maelfu ya picha.

Bado huoni? Fungua programu ya faili kwenye simu yenyewe, tafuta kwa jina, kisha linakili faili kwenye folda ya Download. Ni njia ya mkato nami huitumia kila mara foleni ikiwa ndefu.

Imeanza kunakili, ikakwama katikati

Usikate, nakili. Hili nalirudia kwa kila mteja. Kukata kunafuta kwenye simu baada ya kuhamisha, na umeme ukikatika katikati, jambo ambalo hapa kwetu halihitaji taarifa, unaweza kubaki na vipande huku na kule. Nakili, fungua faili mbili tatu kwenye kompyuta uhakikishe, ndipo ufute.

MTP pia haipendi kuchanganywa. Ukiwa unanakili usifungue picha nyingine kutoka kwenye simu hiyo hiyo, usiguse waya, na uzime hali ya kuokoa betri. Picha elfu tatu zigawe mafungu ya mia mia. Usihariri hati ya Word ikiwa ingali ndani ya simu. Ilete kwanza kwenye kompyuta.

Video ya harusi inayokataa kuingia kwenye flashi huku flashi ina nafasi tele, angalia ukubwa wake. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Flashi ipangwe upya kwa exFAT, na kwa kuwa kufanya hivyo kunafuta kila kitu, hamisha kwanza vilivyomo.

iPhone ikikatisha kunakili na kompyuta ikadai kifaa hakifanyi kazi, sababu huwa ni hii: tangu iOS 11, mwaka 2017, picha huhifadhiwa kwa muundo wa HEIC, na simu hujaribu kuzigeuza kuwa JPEG huku ikizitoa, ikachoka njiani. Nenda kwenye mipangilio ya Picha, shuka mpaka chini, chagua kubakiza picha asilia. Zitatoka zote, ila zikiwa HEIC, utazigeuza baadaye.

Memori kadi ndani ya kadi rida

Umeiweka kadi kwenye kadi rida, kile kifaa kidogo cha kuisomea kwenye kompyuta. Kompyuta ikisema kadi inahitaji kufomatiwa, katalia hapo hapo. Huenda kadi iliwekwa kwenye simu kama sehemu ya kumbukumbu ya ndani. Ikiwa hivyo imefungwa kwa siri, inasomeka kwenye simu ile ile tu. Irudishe humo, usome kwa waya.

Ukikuta folda zako zimegeuka vijia vya mkato vyenye mshale mdogo, hicho ni kirusi cha kompyuta za kushirikiana, na sisi wa steshenari tuna lawama zetu. Usivibofye. Vitu vyako kwa kawaida havijafutwa, vimefichwa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya kadi yako badala ya E, kisha bonyeza Enter. Vitarudi. Nakili kwenye kompyuta safi, pitisha kinga ya virusi, ndipo uipange kadi upya. Virusi vya namna hii hutafuta vitu vyenye herufi, na simu iliyo kwenye MTP haina herufi, hivyo kwa kawaida haviipati.

Waya umeshindikana kabisa

Tundu la simu likiwa limekufa na betri ina chaji, tumia hewa. Bluetooth inafaa kwa PDF moja. Kwa video utazeeka. Kwa Windows kuna Quick Share ya Google, inafanya kazi vizuri kama una kompyuta yako mwenyewe ya kuiweka.

Kwenye kompyuta ya watu mimi hupendelea hotspoti. Zima data ya simu, washa hotspoti, unganisha kompyuta. Fungua programu ya faili yenye sehemu ya FTP, njia ya kupitisha faili kwenye mtandao, CX File Explorer kwa mfano, na uiwashe. Itakupa anwani inayoanza na ftp na tarakimu kadhaa. Iandike kwenye kisanduku cha anwani cha folda yoyote ya Windows, na simu itafunguka. Faili linatoka simu kwenda kompyuta bila kugusa bando hata senti. Data lazima iwe imezimwa, kwani Windows ikionja intaneti itaanza kujipakulia masasisho yake na bando la wiki litaisha ukiwa bado unatafuta folda.

Ukimaliza, zima FTP, zima hotspoti, na kwenye kompyuta ile chagua kuusahau mtandao wako. Usipofanya hivyo itaikumbuka pasiwedi, na kesho ukipita hapa Kirumba hotspoti ikiwa imewaka, itajiunga yenyewe bila hodi.